Tofali Angempiga Kreni

Sehemu ya tisa

Tulimwacha Mzee Pancha mlangoni, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi.

Kiatu cha pili kilikuwa mapajani mwa Shangazi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi la karibu na mlango, mrefu hata akiwa amekaa, na amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto ampakate.

Wasomaji wamepiga simu hapa gazetini wiki nzima kuuliza kama kiatu kimerudishwa. Hakijarudishwa.

Na kwa yule aliyeliokota gazeti hili leo likiwa limefungia misumari, habari ni fupi. Mzee Mashine ni kinyozi. Mzee Pancha anaziba matairi ng'ambo ya barabara. Binti wa kinyozi na kijana wa mziba matairi, anayeitwa Fundi Friji kwa sababu ndiyo kazi yake, wanapendana mpaka wanachosha. Mchana huo wazee walikutana sebuleni kwa Mzee Mashine kumaliza mambo. Mahari yalikubaliwa kabla chai haijapoa. Siku ya harusi ikapangwa. Watu walikuwa wanatafuta tu la kuzungumza huku vikombe vikiondolewa, ndipo mmoja wao akataja ngumi za uzito wa juu.

Hapo ndipo harusi ilipoharibika.

Mzee Mashine ni mtu wa Tofali. Tofali alikuwa bondia wa enzi za redio, mfupi, mpana, na watu wa mtaa huu hawakuwahi kumwona akipigana. Walimsikia tu. Walichonacho ni picha yake moja, iliyotundikwa juu ya benchi la wateja katika duka la kunyolea la Mzee Mashine. Mzee Pancha ni mtu wa Kreni. Kreni ni wa juzi, ana urefu wa mlango na mikono ya kufungia dirisha la jirani, na mapambano yake yote yameonekana kwenye televisheni.

Mabondia hawa hawakukutana. Mmoja alistaafu kabla mwingine hajaota meno. Lakini katika duka la Mzee Mashine wamepigana kila siku ya kazi kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kushinda.

Katika sehemu ya wiki iliyopita Mzee Mashine alitamka maneno ambayo baba mwenye binti hapaswi kuyatamka mbele ya wakwe. Alisema, "Mtu asiyekubali kwamba Tofali angempiga Kreni, mtoto wake haoi kwangu."

Mzee Pancha akanyanyuka. Shangazi akakiwahi kiatu.

"Nipe kiatu changu, dada," Mzee Pancha alisema.

"Sema kwanza harusi ipo."

"Mimi sijaivunja. Muulize ndugu yako."

Shangazi ni dada mkubwa wa Mzee Mashine. Alimgeukia bila kukiachia kiatu. "Ndugu yangu, harusi ipo?"

"Ipo. Aseme tu maneno matatu."

"Siwezi kusema uongo ndani ya nyumba ya watu," Mzee Pancha alisema. "Tena siku ya posa."

Fundi Friji alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti yamebana. Alikuwa amepata kazi kwenye maghala ya baridi, mji wa mbali, na nyumba pale hupewa mwenye mke tu. Harusi ilikuwa ifungwe Ijumaa, safari Jumapili. Ijumaa ikipita hivi hivi, kijana ataondoka peke yake, na mkataba wake ni wa miaka miwili bila likizo.

Nyuma ya pazia la chumbani Binti alikuwa anasikiliza kila kitu. Hatuwezi kusema amejificha. Miguu yake ilikuwa inaonekana.

"Kreni ameshindwa mara mbili tu maishani mwake," Mzee Mashine alisema, "na mara zote mbili kapigwa na mashoto. Sasa Tofali ni nani? Ni mashoto. Nini tena?"

"Mashoto, nakubali," Mzee Pancha alisema. "Lakini ni mashoto mfupi. Atamfikia na ngazi?"

"Nani kawaambia Tofali ni mashoto?" Shangazi aliuliza.

Wazee wote wawili walimtazama kwa huruma. Hawakuwa wameafikiana jambo lolote tangu chai.

"Dada," Mzee Mashine alisema kwa upole, "mambo ya ngumi tuachie sisi."

Shangazi alinyamaza. Akakigeuza kiatu, akaikagua soli. Wasomaji wetu wa siku nyingi wanajua kwamba Shangazi akinyamaza, ni vizuri kila mtu akumbuke mlango uko wapi.

"Mimi nimeshaiona harusi isiyo na bwana harusi," alisema baadaye. "Ilikuwa yangu. Chakula kimeiva, watu wamekaa, mimi naangalia barabara. Nimeangalia barabara mpaka wapishi wameanza kunionea haya. Sitaki mtoto huyu aangalie barabara."

Ukoo mzima unajua kwamba Shangazi aliachwa siku ya harusi, zamani, kwenye mji alikokwenda kufanya kazi ya kushona. Jina la bwana huyo hakulitaja, na hajapatikana mtu mwenye roho ngumu ya kumuuliza.

Fundi Friji akakohoa. "Kwa nini tusimuulize Tofali mwenyewe?"

"Tofali alikufa," Mzee Mashine alisema. "Alifia nchi za watu. Nililia."

"Alilia kweli," Mzee Pancha alithibitisha. "Siku hiyo kitini nilikuwa mimi. Alama ninayo sikioni."

"Hajafa," Fundi Friji alisema. "Nimemtengenezea friji wiki iliyopita."

Nje mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki isiyotaka kuwaka.

"Anakaa ghorofa ya tatu, nyuma ya ofisi ya maji," kijana aliendelea. "Anafua na kupiga pasi nguo za watu. Ukutani kwake nimeikuta picha ile ile ya dukani. Nikamuuliza, mzee, na wewe ni shabiki wa Tofali? Akasema hapana, mimi ndiye."

"Na wiki nzima umekaa nalo moyoni?" Mzee Mashine aliuliza.

Fundi Friji alitazama pazia. Ile miguu ikasogea kidogo. "Nilikuwa nasubiri wakati mzuri, baba."

Huo haukuwa ukweli wote. Ukweli uliobaki tutaukuta ghorofa ya tatu.

Shangazi naye alikuwa ameacha kukigeuza kiatu. Hakuna aliyeliona hilo, lakini wewe msomaji liweke akilini.

Mzee Mashine alisimama. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha, na tuseme tu kwamba alikuwa amesahau kabisa kuna harusi. "Twendeni. Atoe hukumu yeye. Akisema angempiga Kreni, huyu bwana atakuja kuyatamka yale maneno dukani kwangu, mbele ya wateja."

"Na akisema angepigwa?"

"Akisema angepigwa, naishusha ile picha, na jina lake silitaji tena mpaka nafukiwa."

"Na harusi iendelee," Binti alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Iendelee."

"Hukumu iwe yoyote."

"Iwe yoyote," wazee wakasema.

"Basi nipeni kiatu nitembee," Mzee Pancha alisema.

"Kiatu utakipata ukumbini, Ijumaa," Shangazi alijibu.

Hivyo ndivyo Mzee Pancha alivyotoka kwenda kumwona bingwa wa zamani, mguu wa kulia una kiatu cheusi cha ngozi, wa kushoto una ndala ya bafuni ya Mzee Mashine. Fundi Friji alitangulizwa dukani kuitoa ile picha ukutani, kwa kuwa Mzee Mashine alitaka Tofali aiwekee sahihi. Aliirudisha imeviringishwa kwenye shuka la kunyolea, vumbi linamwagika pembeni. Binti na Shangazi wakafuata nyuma.

Chini ya ghorofa, Shangazi akasimama. "Pandeni nyinyi. Ngazi zinaniumiza magoti."

Asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amepanda juu ya kabati kutafuta sahani za wageni. Hakuna aliyelikumbuka hilo.

Mlango ulifunguliwa na mzee mfupi aliyeziba nafasi yote ya kupita. Alivaa aproni. Pua yake ilikuwa imelala upande mmoja, na masikio yake yalikuwa yamejikunja mpaka usingeweza kuyatundikia miwani. Alimtazama Fundi Friji kwanza.

"Friji halijambo," alisema. "Linanguruma kidogo usiku."

"Nitaliangalia, mzee. Nimekuja na wageni."

"Shikamoo," wakasema wote.

"Marahaba. Inameni hapo, msiguse mashuka."

Wakapita chini ya kamba za mashuka mpaka mbele ya meza ya pasi. Humo ndani mlikuwa na joto na harufu ya sabuni. Tofali alirudi kwenye kazi yake, akachukua pasi, akaendelea na ukosi wa shati jeupe.

Mzee Mashine alisogea mezani. Maneno ya kumwambia mtu huyu alikuwa ameyaandaa tangu ujana, tena mazuri. Alipofungua mdomo yalitoka mengine.

"Nilidhani umekufa."

"Wengi," Tofali alisema.

Mzee Pancha akaona muda unapotea. "Mzee wetu, hatutakuchelewesha. Tuna swali moja. Ungekutana na Kreni ulingoni, ingekuwaje?"

"Kreni yupi?"

Wazee wakatazamana.

"Kreni," Mzee Pancha alisema. "Bingwa. Yule mrefu."

"Sina televisheni," Tofali alijibu. "Nina pasi."

Ikabidi Kreni aelezwe. Maelezo hayakutosha, basi Mzee Pancha akapandishwa kwenye kigoda ili awe Kreni, na ufagio akapewa wa kuongezea urefu wa mkono. Mzee Mashine akaeleza jinsi Kreni anavyopigia kutoka mbali, jinsi anavyomwegemea mtu akichoka, na jinsi alivyowaadhibu wote isipokuwa wale wawili. Tofali alisikiliza vizuri. Kisha akaisimamisha pasi, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka mbele ya meza.

Akajipanga. Mguu wa kushoto mbele. Mkono wa kushoto mbele. Ngumi ya kulia ikabaki karibu na kidevu, inasubiri.

Mzee Mashine alikohoa kwa adabu. "Samahani, mzee. Umesimama kinyume."

Tofali alitazama miguu yake. "Kinyume na nini?"

"Na ulivyokuwa unasimama. Wewe ni mashoto. Mkono wa kulia unautanguliza, halafu unaangusha mtu na wa kushoto."

"Mimi?"

"Umri," Mzee Mashine alimnong'oneza Mzee Pancha. "Amesahau."

Tofali hakukasirika. Alinyoosha kidole ukutani, juu ya kikapu cha nguo, ambako kulikuwa na picha ya kijana mpana aliyevaa glovu, mguu wa kushoto mbele, mkono wa kushoto mbele.

Mzee Mashine akaisogelea. Akaikagua kwa jicho la mtu anayeoneshwa noti ya bandia.

"Hii imechapwa vibaya," alisema. "Wameigeuza. Nasikitika kukuambia, mzee, umekaa na picha mbovu miaka yote hii. Mimi ninayo iliyo sawa."

Akamwashiria Fundi Friji. Kijana alikunjua shuka la kunyolea polepole kuliko kazi hiyo inavyohitaji. Mzee Mashine akaipokea picha yake, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaiinua ukutani kando ya ile nyingine.

Zilikuwa sawa. Glovu kwa glovu, kidole cha gumba kwa kidole cha gumba.

Mzee Mashine alitazama moja. Akatazama ya pili. Akarudi kwenye ya kwanza. Pasi ilikuwa inatoa mvuke.

"Na yangu nayo imegeuka," alisema mwishowe. "Imegeukia njiani."

"Baba," Fundi Friji alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemtoa mwiba mtoto. "Pale dukani picha iko nyuma yako. Unanyoa ukitazama kioo. Aliyeko kitini anatazama kioo. Wanaosubiri benchini picha iko juu ya vichwa vyao, wameipa mgongo, nao wanatazama kioo. Dukani kwako hakuna hata mmoja anayeitazama picha yenyewe."

"Na wanaoingia?" Mzee Pancha aliuliza kutoka kwenye kigoda.

"Anayeingia anamsalimia kinyozi, baba. Kisha anakaa."

"Na anayeipangusa?"

Wote wakalitazama lile vumbi kwenye mkono wa shati la Mzee Mashine.

Msomaji asiyeamini asimame mbele ya kioo cha nyumbani kwake, ainue mkono wa kushoto, halafu atuambie yule aliyeko ndani ya kioo anaonekana ameinua upi.

Hilo ndilo Fundi Friji alilokuwa ameligundua wiki nzima iliyopita, siku ya friji, alipomwona Tofali akipiga pasi kwa mkono wa kulia na picha ikimwangalia kutoka ukutani. Alimwambia Binti peke yake. Walikubaliana kulizika. Wangeoana kwanza, wazee wangebaki na ubishi wao, na Mzee Mashine angezeeka na mashoto wake kwa amani.

Mzee Mashine alikaa juu ya nguo safi. Tofali akamwomba anyanyuke. Akanyanyuka, akakaa kwenye ndoo.

Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayoanzia masikioni. Hoja zake zote, asubuhi na jioni, vichwa vyote vile alivyonyoa huku anaeleza mkono wa kushoto wa Tofali unavyopita, ziliota kwenye kioo. Na wateja wote walikuwa wamemwitikia.

"Basi ungempiga au usingempiga?" Mzee Pancha aliuliza.

Tofali alifikiri. Alimtazama tena Kreni wa kigodani, akaupima ufagio kwa macho.

"Angenipiga," alisema.

"Raundi ya ngapi?"

"Ya pili. Huenda ya kwanza. Mimi niliwaogopa sana watu warefu." Akarudi kwenye pasi yake. "Bado nawaogopa."

Mzee Pancha alikuwa ameshinda. Alikuwa ameshinda kabisa, kwa kinywa cha adui mwenyewe, mbele ya mashahidi, na kwa miaka yote ile alikuwa amejua hasa atakachofanya siku hiyo. Angepiga makofi. Angewasimulia wenye magari wote wanaokuja kujaza upepo.

Akamtazama Mzee Mashine pale kwenye ndoo, picha iko magotini. Moyo ukamuuma. Akaiona na Jumatatu inakuja, yeye anavuka barabara, anaingia dukani, anakaa kwenye benchi, na hakuna la kusema.

"Mzee Tofali," alisema, "unajidharau."

"Hapana."

"Unajidharau. Mtu wa upana huu akishaingia chini ya mikono ya Kreni, Kreni atampiga nani? Dari?"

Mzee Mashine aliinua kichwa. "Angepigwa. Amesema mwenyewe."

"Hajui anachosema. Kreni hamjui huyu mtu. Kreni angekuwa amejiandaa kupigana na mashoto, kama sisi sote."

"Kreni ajiandae kwa lipi? Kwa kioo changu?" Mzee Mashine alikuwa amesimama. "Mtu wa mkono wa kulia hamgusi Kreni. Huyu bwana hapa angelala chini hata kabla hajavua joho."

"Angeingia chini, akampiga mbavu!"

"Mbavu za Kreni ziko juu ya kichwa chake!"

Tofali aliendelea na ukosi. Alikuwa amefika kwenye vifungo.

"Nisikilize vizuri," Mzee Mashine alisema, akinyoosha kidole. "Mtu anayesema Tofali angempiga Kreni, mtoto wake haoi kwangu."

Mzee Pancha akashuka kwenye kigoda, akaanza kutafuta ndala yake.

Ndivyo ilivyokuwa, wasomaji. Tulitoka sebuleni na harusi imevunjika kwa sababu mmoja ni wa Tofali na mwingine ni wa Kreni. Tumefika ghorofa ya tatu, wamebadilishana mabondia, na harusi imevunjika pale pale.

"Baba," Binti alisema.

Alikuwa amesimama kati ya mashuka mawili muda wote huo. Hakupaza sauti.

"Huyu nampenda. Akiondoka Jumapili bila mimi nitalia. Nitalia miaka miwili, na nitakuja kulilia dukani, mbele ya wateja."

Mzee Mashine alilifikiria hilo. Alionekana analiona kabisa, kwenye kioo.

"Unampenda kiasi hicho?"

"Habari ya picha niliijua wiki nzima, nikanyamaza usije ukaumia. Kwa hiyo ujue na wewe nakupenda. Lakini huyu nampenda zaidi kidogo."

Kinyozi alijipangusa macho kwa shuka la kunyolea, akaacha nywele za watu mashavuni. Aliutazama uso wa mwanawe, na huo hakuutazama kwenye kioo, na akaona siri ile imemkondesha kwa wiki moja.

"Harusi ipo," alisema.

"Ipo," Mzee Pancha alisema, ndala mkononi. "Na mimi nilikuwa nasema tu."

Fundi Friji alipumua kwa sauti. Binti alishika shuka lililo karibu, likatoka kwenye kamba, na Tofali hakusema kitu. Kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze, chumba kizima kilikuwa na furaha. Kilichobaki kilikuwa jambo dogo.

Katika ukoo wa Mzee Mashine, binti hatoki nyumbani mpaka shangazi yake mkubwa aseme "mchukueni" mbele ya pande zote mbili. Hata baba mzazi hawezi kulisema badala yake. Shangazi alikuwa hajalisema, kwa kuwa mchana ule alikuwa na kazi ya kiatu.

Mzee Mashine alifungua mlango, akainama juu ya ngazi. "Dada! Yamekwisha! Panda useme neno lako twende zetu."

Kisha zikasikika hatua. Hazikuwa hatua za mtu anayeumwa magoti.

Shangazi aliinamisha kichwa ili apite mlangoni, kama anavyoinamisha kwenye kila mlango. Akayasogeza mashuka kwa mkono ulioshika kiatu. Akasimama mbele ya meza ya pasi.

Tofali aliiachia pasi juu ya shati.

"Hujambo," Shangazi alisema.

"Sijambo."

"Kumbe unaishi."

"Naishi."

"Niliambiwa umekufa," Shangazi alisema. "Nilikusamehe kwa sababu hiyo."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilianza kupanda. Mzee Mashine alimtazama dada yake. Akaitazama picha aliyoishika, ile aliyoletewa na dada huyo huyo siku alipofungua duka, akiambiwa aitundike popote anapotaka ila isirudi nyumbani. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Sasa alitamani angeuliza, kisha akatamani asijue.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "sema tu 'mchukueni'. Mengine tutayazungumza nyumbani."

Shangazi alimgeukia Binti, na kwa muda mfupi uso wake ulilainika. Alimwonea huruma sana. Yeye ndiye aliyemlea, yeye ndiye aliyemshonea gauni lililokuwa linangoja kabatini, na alijua Ijumaa iko karibu na Jumapili iko nyuma yake. Kisha akamrudia Tofali.

"Harusi haipo," alisema. "Hakuna harusi nyingine katika ukoo huu mpaka huyu bwana aniambie, siku ya ile yangu na yake, alikuwa wapi."

Binti aliliachia shuka. Fundi Friji akaitoa pasi juu ya shati, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeikumbuka.

Shangazi alipiga hatua moja mbele na kuinua kiatu. Tofali alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Hapo, kwa mazoea ya zamani, miguu yake ikajipanga yenyewe. Wa kushoto mbele. Mkono wa kushoto mbele. Wa kulia karibu na kidevu.

Wazee wawili walisogea pembeni, wakakaa kwenye kikapu cha nguo, bega kwa bega.

"Ataangushwa raundi ya ngapi?" Mzee Pancha alinong'ona.

"Ya kwanza," Mzee Mashine alisema.

"Hapo hatubishani," Mzee Pancha alisema, akamsogezea nafasi.